Mguu wa Tatu Niliouacha Hewani

Nimestaafu tangu mwezi wa sita, na tayari nasikia kuna watu wawili pale karakanani wanaosema mimi ndiye niliyewafundisha kazi. Mmoja ni kweli. Huyo mwingine namjua, na ninamwomba aache.

Theresia, ambaye ndiye wa kweli, aliniambia siku ya kuagana niwaandikie kidogo. "Hasa ile habari yako ya miguu, Baba. Unatugombeza kila siku na hujawahi kutuambia kwa nini." Hapo amesema ukweli. Kila aliyepita kwenye meza yangu amenisikia nikifoka kwa sababu ya mguu wa IC, kile kidude cheusi cha kwenye bodi, ulioachwa bila kuungwa na kitu. Mlidhani ni uzee. Sababu ninayo, ila haipendezi, ndiyo maana nimekaa nayo muda wote huu.

Kwanza mnijue vizuri. Mimi ni mtu wa kushuku, na kazi hii imenizidishia. Mteja akisema "imezima yenyewe," mimi naandika kwenye daftari "anasema imezima yenyewe," na lile neno la kwanza nalipigia mstari. Bwana mmoja wa Buger aliniletea kidhibiti cha chaji cha sola, akaapa kwa jina la mama yake kwamba hakijaguswa na mtu. Nilipokifungua nikakuta majani ya chai. Nikamwonyesha. Akasema labda ni upepo, na akasema hivyo akiwa ananitazama machoni. Watu kama hao wamenilea.

Nilipoanza kazi, karakana yetu ya Karatu ilikuwa na meza mbili, dirisha moja linaloingiza vumbi jekundu la barabarani, na Mzee Gwandu. Wote walimwita Aako, yaani babu kwa Kiiraqw, ingawa siku zile hakuwa mzee kiasi hicho. Kazi yetu ilikuwa kutunza pampu za maji na redio za mawasiliano za vijiji, kuanzia huku kwetu kwenye mashamba mpaka ng'ambo ya kreta kwa wafugaji. Siku ya kwanza nilitegemea kupewa bisibisi. Nikapewa kopo la maziwa ya unga lililojaa IC za zamani, nikaambiwa nizipange kwa namba zilizoandikwa mgongoni. Nilipanga mpaka jioni. Kesho yake akazimwaga zote mezani, akazichanganya kwa kiganja, akasema anza tena.

"Na hizi herufi zilizo katikati ya namba, Aako?"

"Herufi ni mambo ya kiwandani. Namba ndiyo kazi yake. Wewe shika namba."

Nikashika namba. Kwa IC za wakati ule alikuwa sahihi, au tuseme hakuwa amekosea kiasi cha kuumiza mtu.

Mzee Gwandu ndiye aliyenifundisha kushuku. Usiamini waya kwa sababu umeuona umefika, uvute. Usiamini taa kwa sababu inawaka, pima. Usiamini duka lolote Arusha. Usiamini mwenye mali, kwa sababu anaogopa kuonekana mjinga, na usimwamini hata fundi aliyetangulia, kwa sababu alikuwa na haraka. Niliyashika yote. Ila yeye mwenyewe sikumshuku hata siku moja, na sikuona kama hapo kuna tundu.

Sasa niwaeleze jambo lenyewe, na wale mnaolijua mnivumilie. IC zetu zilikuwa za kujibu ndiyo au hapana. Bodi ya pampu ilikuwa na lango lenye miguu mitatu ya kuingizia habari. Mguu wa kwanza ulisema kisima kina maji. Wa pili ulisema tangi halijajaa. Miguu yote ikiwa juu, yaani ikisema ndiyo, pampu inafanya kazi. Hata mmoja ukishuka, pampu inasimama. Mguu wa tatu haukuwa na kazi, kwa sababu tulikuwa na habari mbili tu za kuingiza, na lango la miguu mitatu ndilo lililokuwa limejaa kwenye kopo.

Nilimuuliza Aako huo wa tatu niuunge wapi. Akasema, "Uache. Utakaa juu wenyewe." Na kweli ulikaa. IC za aina ile ukiziacha mguu wazi zinajihesabu ziko juu, kwa sababu zenyewe kwa ndani zinasukuma umeme kidogo kutoka kwenye mguu, na ili mguu useme hapana ni lazima uuvute chini kwa nguvu. Kwa hiyo kila bodi tuliyoitengeneza ilikuwa na mguu hewani. Tuliona ni ustadi. Waya mmoja umepungua, tone moja la risasi ya kuchomelea limebaki kwenye roli lake. Aako alipostaafu akarudi Mbulu kulima vitunguu, bodi zikabaki, na tabia hiyo nikabaki nayo mimi.

Miaka ikaenda. IC za aina yetu zikaanza kuadimika Arusha. Siku moja muuzaji akanipa zenye namba ileile, miguu kumi na minne ileile, ila katikati herufi zimebadilika, badala ya LS imeandikwa HC. Nikamuuliza hii ni nini. "Ni ileile, fundi, mpya tu."

Mnaweza kukisia nilivyomwamini. Nilidhani ni feki. Niliisugua mgongo kwa pamba yenye asetoni nione kama namba itafutika. Haikufutika. Nikaipeleka karakanani, nikaijaribu mezani kwa kila mpangilio, juu na chini, chini na juu, na kila mara ikajibu sawasawa. Nikajisifu moyoni kwa uangalifu wangu. Nilikuwa nimemshuku muuzaji, nimekishuku kiwanda, na nimeushuku wino wa maandishi.

Masika hiyo radi ilipiga pampu moja upande wa Malambo. Kitongoji sitakitaja jina, wenyewe wanakijua. Nikaenda, nikakuta IC imeungua, nikaitoa kwenye soketi yake na kuipachika mpya yenye herufi mpya. Pampu ikaitika papo hapo. Nikaandika kwa kalamu ndani ya kifuniko cha boksi: imetengenezwa, sahihi yangu. Mvua ikaisha, pampu inafanya kazi, mimi nikasahau.

Simu ilikuja wakati wa kiangazi, vumbi la majivu ya volkano limekwisha kuanza kutembea nyanda zile. Aliyepiga alikuwa Mzee Kimirei, mwenyekiti wa kamati ya maji ya pale.

"Fundi, njoo. Hii pampu inamjua mtu mmoja."

"Inamjuaje?"

"Akisimama karibu, maji. Akiondoka, hakuna. Sisi tumechoka."

Mtu huyo alikuwa Mama Nasieku, mjane, mshika ufunguo wa pampu. Boksi la pampu lilikuwa ndani ya uzio wa wavu wenye kufuli, ili mifugo na watoto wasiguse, na yeye peke yake ndiye aliyeingia humo. Tangu kiangazi kianze pampu ilikuwa inazima saa nne za asubuhi hivi, katikati ya zamu za kunywesha. Mama Nasieku akiingia na kuweka kiganja juu ya boksi, inawaka. Akitoka kwenda kwenye shughuli zake, inazima. Ilifika mahali anashinda amesimama ndani ya wavu mkono ukiwa juu ya kifuniko, na watu wakaanza kusema kuna kitu ameweka humo, ili ufunguo usije ukaenda kwa mwingine.

Kamati ilikuwa imekaa. Ikithibitika ni hila, atanyang'anywa ufunguo, na ng'ombe wake hawatakunywa kwenye birika lile mpaka mvua zirudi. Maji mengine yalikuwa mwendo wa nusu siku, na wakati ule wa mwaka ndama hawafiki. Wakati wakingoja fundi, walikuwa wamekwisha kumweka wa mwisho kwenye zamu, birika likiwa limebaki tope.

Mimi niliyaamini yote hayo kabla sijakata simu. Nimewahi kukuta swichi ya sumaku imefichwa chini ya rangi, na nimewahi kukuta waya umepitishwa ndani ya mguu wa meza. Nilifunga begi langu, na juu yake nikaweka msumari mdogo unaoning'inia kwenye uzi, ambao ndio nautumia kutafutia sumaku. Alfajiri nikapanda ukingo wa kreta kwenye ukungu, nikashuka upande wa pili, na njia nzima nilikuwa napanga jinsi nitakavyomnasa.

Nilimkuta amesimama ndani ya wavu, mkono juu ya boksi, pampu inanguruma. Nje kulikuwa na makundi ya ng'ombe yamepangwa kwa zamu, na wanaume na wanawake wengi kuliko wanaohitajika kunywesha. Nilimsalimu kwa Kimaasai kidogo nilichonacho, nikimwita mama.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia salamu. Akanitazama. "Wewe ndiye fundi wa kwanza, au umekuja mwingine?"

"Ndiye wa kwanza."

"Basi uangalie vizuri."

Mimi nikalichukua neno hilo kama ujeuri. Nikamwomba avue bangili zake aziweke kando. Akavua moja moja, mkono wa kulia na wa kushoto, akazipanga juu ya jiwe mbele ya watu wote. Nikapitisha msumari wangu juu ya kila moja. Nikapitisha kwenye kingo za shuka lake. Msumari haukucheza. Nikamwambia aweke mkono juu ya boksi, pampu ikawaka. Nikamwambia arudi nyuma hatua kumi, ikakohoa ikazima. Watu wakaguna. Nikasema moyoni nimekukamata, ingawa sikujua nimemkamata na nini.

Nikamtoa nje ya wavu, nikafungua kifuniko mwenyewe. Pampu ikawaka. Niligeuka haraka nione amefanya nini huko nje. Alikuwa amesimama na mikono imekunjwa ndani ya shuka, ananitazama.

Nikapima boya la tangi, halina kasoro. Nikapima waya wa kisimani, mzima. Nikavuta kila waya, nikakagua chini ya bodi, nikatoa hata boksi lenyewe mahali pake nione kilichofichwa nyuma. Kulikuwa na mjusi. Muda wote huo pampu ilinguruma bila tatizo, na mimi nilizidi kuamini kwamba mama huyu ameniona na ameacha mchezo wake kwa muda.

Nikaenda garini kuchukua maji ya kunywa. Pampu ikazima. Nikarudi, nikainama kwenye boksi, ikawaka. Nikaondoka tena, ikazima. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilisimama pale na chupa yangu mkononi, nikaelewa kwamba inanitii na mimi vilevile. Tofauti ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyewahi kuruhusiwa kuingia ndani ya wavu akajaribu.

Nikachukua mita. Waya mweusi kwenye hasi, mwekundu kwenye mguu wa kwanza: juu. Mguu wa pili: juu. Nilipogusa mguu wa tatu, hapohapo pampu ikafa. Nikatoa waya, nikasogeza kiganja, ikafufuka. Mita inayokunywa umeme kidogo kiasi cha kutosemeka ilikuwa imetosha kuuvuta ule mguu chini. Nikavaa miwani, nikasoma mgongo wa IC, safari hii nikasoma na herufi. HC.

Hizi zenye HC si ileile mpya. Mguu wake wa kuingizia hausukumi umeme, wala haunywi. Unanusa tu. Ukiuacha wazi hauna juu wala chini, unafuata chochote kilicho karibu: waya wa jirani, unyevu, mwili wa mtu aliyebeba chaji kidogo kutoka kwenye upepo mkavu na nguo zake. Wakati wa mvua, unyevu na mabaki ya risasi niliyoacha bila kusafisha vilikuwa vinauvuta juu kwa bahati. Kiangazi kikaikausha bodi, na mguu wangu wa tatu ukabaki unaelea. Mezani nilipoijaribu, mkono wangu ulikuwa karibu. Mkono wa fundi siku zote uko karibu.

Kwa hiyo, Theresia na wenzako, andikeni. Mguu wa kuingizia usio na kazi hauachwi. Kama ni lango linalotaka miguu yote iwe juu, uungeni kwenye chanya kupitia rizista. Kama ni lango linaloridhika na mmoja tu, uungeni kwenye hasi. Lango zima lisilotumika, miguu yake ya kuingizia pelekeni yote hasi, na mguu wa kutolea uacheni wazi, huo msiufunge popote, mtauchoma. Zile zenye HCT msidanganyike nazo. Zinaelewa vipimo vya LS, kwa hiyo zinafanana nazo tabia ukiziunga, lakini ukiziacha wazi zinaelea sawa na hizi. Na hata LS za zamani, ambazo hukaa juu zenyewe, ziungeni vilevile, kwa sababu anayekuja baada yenu atapachika nyingine.

Nilichomelea rizista moja kutoka mguu wa tatu hadi chanya, nikasafisha bodi kwa spiriti, nikafunga. Kazi ya dakika kumi. Nikatoka nje ya wavu hatua kumi, hatua thelathini, mpaka kwenye gari. Pampu ikanguruma peke yake.

Mzee Kimirei akanifuata. "Imepona?"

"Imepona. Ilikuwa hitilafu ndogo."

"Hitilafu gani?"

"Ya ndani. Vumbi."

Ndivyo nilivyosema, na ndivyo nilivyoandika kwenye daftari la kazi niliporudi Karatu. Daftari mnalo. Sahihisheni. Na ule mwezi niliowatembeza kwenye pampu zetu zote nikisema tunasafisha bodi, hatukuwa tunasafisha, nilikuwa naunga miguu ya tatu.

Kimirei akawageukia watu, akasema nao kwa Kimaasai. Nilishika maneno machache. Wengine wakacheka. Kisha akanirudia. "Umetoa alichoweka."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Lakini jana ilikuwa inamtaka yeye, leo haimtaki. Sasa ulichotoa ni nini?"

Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa nimedhani kwamba pampu ikipona na mama naye amepona. Haikunijia kabisa kwamba matengenezo yangu ya kimyakimya ndiyo yatakuwa ushahidi dhidi yake. Na jibu nilikuwa nalo mdomoni, fupi tu. Niliogopa. Niliwaza sahihi yangu ndani ya kifuniko, niliwaza bodi nyingine zote tulizozifunga, niliwaza jina la Aako. Niliwaza pia kwamba watu hawa hawataelewa habari za miguu ya IC, na hilo lilikuwa uongo niliojiambia ili nipumue.

Nikainama nikafunga begi langu. Kimirei akanyoosha mkono kuelekea kwa Mama Nasieku. Mama akafungua ufunguo kutoka kwenye uzi wa shanga shingoni mwake, akautoa. Baadaye nilikuja kusikia kwamba shemeji yake Kimirei aliutaka ufunguo ule kwa muda mrefu, lakini hilo ni la kwao, langu linanitosha. Ng'ombe wa mama walikuwa wanasogea, binti yake Nasieku akiwa mbele yao. Wanaume wawili wakaenda na fimbo kuwageuza. Ndama walikuwa na mbavu za kuhesabika, na walikuwa wanayasikia maji.

Mimi nikaweka begi garini. Nikaingia. Nikawasha injini. Nayaandika haya kama yalivyokuwa.

Mama Nasieku alikuja dirishani. Nilitegemea kilio au laana, na vyote viwili nilikuwa na majibu yake. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia.

"Fundi, umeona nini mle ndani?"

"Vumbi, mama."

"Mimi nimesimama na boksi hilo mwezi mzima. Nilidhani labda ni kweli, kuna kitu mkononi mwangu na mimi sijui. Usiku silali. Kama umeona, niambie mimi tu, hao wengine usiwaambie."

Yule mwanamke alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe. Mimi, ambaye nimeshuku kila kitu katika maisha yangu, sikuwahi kufika huko. Nilizima injini. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba mlango ulinishinda kufungua, nikaufungua mara ya pili.

Nikamwomba Kimirei ufunguo, nikaingia kwenye wavu, nikafungua kifuniko kikabaki wazi. Nikachukua koleo nikaikata ile rizista mbele yao wote. Nikarudi nyuma. Pampu ikaendelea, na kwa muda nikadhani nimejiaibisha bure, kisha ikakohoa, ikazima. Watu wakaanza kuzungumza wote pamoja.

"Mzee Kimirei, njoo uweke mkono hapa."

"Mimi?"

"Wewe. Usiguse, usogeze tu."

Sikuwa na hakika. Mguu unaoelea haumwahidi mtu chochote, na ungeweza kukataa kwa mkono wake ukanimaliza pale pale. Aliingia kwa kusitasita, rungu akaliacha nje. Akasogeza kiganja. Pampu ikawaka. Akauvuta mkono haraka, akauangalia mbele na nyuma. Baada ya muda pampu ikazima.

Bibi mmoja aliyekaa kwenye ukingo wa birika akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Na mwenyekiti naye aliweka nini humo?" Safari hii waliocheka walikuwa wengine.

Wakajaribu watu watano. Kwa wanne ikawaka, kwa mmoja ikakataa, na huyo alionekana kukasirika. Kisha nikasema kwa sauti, maana nilijua nikisema polepole nitapunguza maneno. "Bodi hii niliitengeneza mimi. Kuna mguu mmoja niliuacha bila kuuunga. Nilifundishwa hivyo na sikuuliza. Huyu mama hakuweka chochote. Kosa ni langu."

"Mbona ulisema vumbi?" Kimirei aliuliza.

"Nilidanganya."

Akatafsiri. Aliitafsiri yote, na hilo ninampa heshima yake. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangenitukana. Nikachomelea rizista nyingine, nikafunga, na pampu ikaanza kunguruma bila kumhitaji mtu.

Kimirei akamnyooshea Mama Nasieku ufunguo. "Haya, mama. Yameisha."

Hakuupokea. "Huo mtaniletea nyumbani, kamati yote," alisema. "Mlipouchukua mlikuwa wengi."

Kisha akawaambia neno wale wanaume wa fimbo, wakapisha. Wenye zamu yao wakavuta ng'ombe wao nyuma bila kuambiwa. Nasieku akapiga mluzi, na wa kwao wakashuka kwenye birika likiwa limejaa mpaka ukingoni, ndama wakiwa mbele.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuokota begi langu. Mama Nasieku akanigeukia.

"Wewe usiondoke, fundi. Simama hapo ulipo, wakuone, mpaka wamalize."

Nikaliweka begi chini, nikasimama juani mbele ya watu wote. Walikuwa ng'ombe kumi na mmoja na ndama wanne, na walikunywa polepole.